Ulezi Wetu, Cheti Chake

Ijumaa, mwezi wa saba. Upepo tangu alfajiri. Jua lipo, ila limekaa tu kama mgeni aliyekuja kutusalimia.

Leo Manispaa imempa Feza cheti na ngao.

Ningeweza kuendelea na habari za upepo mpaka vidole vichoke, lakini nimeahidi kwamba humu nitaandika ukweli, na ukweli wa leo ni huo. Mjasiriamali bora wa mji. Picha yake na Meya tayari inazunguka kwenye simu za watu. Nimetumiwa mara nne, na kila anayenitumia anaandika, "Si yule aliyekuwa kwako?"

Ndiye. Alikuwa kwangu.

Nina wivu. Siyo ule wa kusema "jamani nakuonea wivu" huku unacheka na kumshika mtu bega. Huu wangu umekaa hapa kooni tangu saa nne asubuhi, nimeunywea soda haukushuka, nimeunywea chai ya tangawizi haukushuka.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni Veneranda, wengi huniita Mama Deo. Ninauza unga wa ulezi hapa Sumbawanga, kazi niliyoikuta kwa mama yangu, naye aliikuta kwa bibi. Feza ni Mkongo. Alivuka Ziwa Tanganyika akashukia Kirando na mtoto mgongoni, akapanda huku juu kwenye lori la dagaa. Nilipomwona mara ya kwanza sokoni alikuwa bado ananuka dagaa, anatetemeka kwa baridi ya kwetu, kavaa kandambili. Kwao ni watu wa muhogo. Alikuwa hajawahi kuusonga ugali wa ulezi hata siku moja. Nilimpa koti langu la zamani na kazi ya kupepeta.

Kwa hiyo mtanielewa ninaposema kwamba leo, Meya aliposimama akamshukuru "kwa kuuonesha mji thamani ya zao letu", nilitaka kucheka kwa sauti. Zao letu! Mji huu ulikuwa unangoja mtu avuke ziwa ndiyo uoneshwe ulezi?

Mimi ndiye niliyemfundisha kuosha. Hili sitalipunguza hata kidogo. Ulezi hupurwa chini, kwenye kiwanja cha udongo, na punje zake ni ndogo kiasi kwamba mchanga ukishaingia, ungo hauwezi kuutenganisha. Dawa yake ni maji. Unamwaga ulezi kwenye karai, unajaza maji, unazungusha kwa mkono, halafu unaumimina taratibu kwenye karai la pili ukiwa bado unazunguka. Mchanga ni mzito, unabaki chini. Unarudia mara tatu, nne, tano, mpaka ukipapasa chini ya karai kwa kidole usisikie kitu. Bibi alikuwa anapapasa huku amefumba macho. Mimi nilimfumbisha Feza macho vilevile, na mwanzo alidhani ni uchawi.

Alikaa kwangu misimu miwili akaniaga vizuri, akaanza kwake. Sikukasirika. Nilimwona kama mtu wa kuchukua mabaki ya soko langu.

Sasa naandika nisilopenda kuliandika.

Mimi niliacha kuosha.

Ilikuwa kipupwe kama hiki, maji ya bombani asubuhi yanauma mpaka kwenye mifupa, na ulezi ukishaoshwa unakaa kwenye turubai siku tatu haukauki. Nikajiambia ni kwa wiki mbili tu. Nikapepeta, nikachekecha, nikapeleka mashineni. Hakuna aliyelalamika. Sisi Wafipa tumekua na ugali ule, tunautafuna taratibu, na ukikutana na chembe ya mchanga unameza maisha yanaendelea. Wateja wangu wa sokoni ni watu wa hapa hapa, ulezi wenyewe nanunua Kaengesa kwa watu ninaowajua. Nikaona kumbe kazi yote ile ya maji ilikuwa mazoea tu ya bibi. Wiki mbili zikawa mwaka, na mwaka ukafuatwa na mwingine.

Nilichosahau ni kwamba mteja wangu mkubwa hakuwa mtu wa hapa. Alikuwa shule ya bweni ya wasichana, ya masista, nje kidogo ya mji. Watoto wa pale wanatoka Dar, Mwanza, Tanga, kila mahali. Hawajazoea kumeza mchanga kwa adabu. Sista Konsolata, anayesimamia jiko na bohari, aliniita mara ya kwanza akanionesha uji uliobaki chini ya bakuli. Akaniita mara ya pili. Nikasingizia mashine ya kusaga. Mara ya tatu hakuniita. Niliona tu gari la shule limesimama mlangoni kwa Feza, linapakia zile pakiti zake zenye picha ya suke la ulezi.

Nilipaswa kurudi nyumbani nikatafute karai. Badala yake nilitafuta maneno.

Nilianza na jirani yangu wa sokoni. Nikasema, "Unga laini namna ile, ulezi gani? Yule kwao muhogo. Anachanganya." Nilisema kwa sauti ya kunong'ona, ile ambayo mtu akiisikia anaamini kwamba una ushahidi. Ulaini wa unga wake, ambao mimi ndiye niliyemfundisha kuupata, nikaugeuza kuwa kosa. Nilijua ni uongo wakati nautamka. Baada ya wiki chache niliusikia ukirudi kwangu kutoka kwa mama mmoja muuza vitunguu, ukiwa umeongezewa viungo, na mimi nikatikisa kichwa nikasema, "Heee, kumbe na wewe umesikia?"

Basi mtu huyo huyo, yaani mimi, ndiye aliyekwenda ukumbini leo, amevaa kitenge chake cha Pasaka ili asiseme mtu kwamba amefulia.

Nilikaa safu ya tatu. Kabla Meya hajafika, Sista Konsolata alikuja akakaa kiti cha pembeni yangu. Nikamwamkia, "Tumsifu Yesu Kristo." Akaitikia, akatazama mbele, akasema kwa sauti ya chini kabisa.

"Mama Deo, haya maneno ya muhogo nimeambiwa yametoka kwako. Umeona kwa macho yako?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, "hapana", na ningerudi nyumbani mtu mwepesi. Jukwaani walikuwa wanaitandika meza kitambaa cha bluu na kuiweka ile ngao katikati. Niliitazama ngao.

"Sista, si mimi peke yangu ninayesema," nikajibu.

Akaguna. Akasema kama ni hivyo Jumatatu ataurudisha mzigo wa Feza mlangoni pa shule, na hatapokea mwingine mpaka ajue ukweli, kwa sababu wale ni watoto wa watu. Halafu akatoa rozari yake akaanza kusali. Mimi nikafurahi. Naandika kama ilivyokuwa: nilifurahi, kwa kitambo kama cha wimbo mmoja wa kwaya.

Feza alipoitwa jina, alipanda jukwaani, akachuchumaa mbele ya Meya na kupiga makofi ya polepole, yale ya salamu ya kwetu Ufipa, viganja vimepinda kidogo, macho chini. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mabinti wetu wenyewe siku hizi wanasalimia kwa "mambo" na kidole gumba! Nilipiga makofi na mimi, ya kawaida, machache.

Akapewa kipaza sauti. "Miye nilifikaka huku sina kitu," alisema. "Hii kazi nilifundishwa na wamama wa hapa. Asanteni sana."

Wamama wa hapa.

Yaani mimi ni wamama? Koti langu, karai langu, macho yake niliyoyafumbisha kwa mkono wangu mwenyewe, vyote vimekuwa "wamama wa hapa"? Hapo ndipo wivu uliposhuka tumboni ukageuka hasira, na nikashukuru Mungu kwamba sikumwambia Sista ukweli.

Wakati wa kula nilijitenga pembeni na sahani yangu. Akaja. Ngao kaikumbatia kwa mkono mmoja, hajui aiweke wapi. Huwa ananiita Yaya, kwao ni dada mkubwa, na miaka yote hii hajaacha.

"Yaya," akasema, "sikukutaja jina. Usikasirike."

Nikamwambia mbona hayo ni mambo madogo, hongera yako.

"Ile maneno ya muhogo nilisikia, na nilijua yanatokea wapi. Nikaogopa. Nikasema nikitaja Mama Deo, atasimama mbele ya watu wote akatae kama ananijua." Alitabasamu kidogo, kama mtu anayeomba radhi. "Kula, Yaya. Pilau inapoa."

Akaondoka kwenda kupigwa picha.

Angenitukana ningejua pa kushika. Kutukanana najua, sokoni hapo nimetukanana na watu wawili waliohama kabisa upande wangu. Lakini mtu anajua umemchafua, na siku ya sherehe yake bado anakuja kukuomba radhi? Nimekaa na ile sahani nisijue nile au niache. Nilikula. Ilikuwa pilau nzuri, na hilo nalo liliniudhi.

Nimefika nyumbani nikamkuta Baba Deo anakandika ukuta wa jiko. Nikamwaga yote. Kwamba mji huu unapenda wageni. Kwamba hata wewe Baba Deo ungekuwa mgeni wangekupa ngao. Kwamba kazi ile ni ya bibi yangu. Nikamwambia nitaanza tena kuosha, watanijua.

Akauliza tu, "Utaoshea nini?"

"Karai langu kubwa."

Akaelekeza kidole. Karai langu lilikuwa pale chini ya miguu yake, limejaa udongo wa kukandikia, umegandamana pembeni, limetoboka ukingoni. Analitumia tangu mwaka juzi, anasema. Alikuwa anangoja nimwulize liko wapi, sikuuliza, basi akaendelea nalo.

Mwaka juzi.

Nimeingia ndani nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Nilipiga mahesabu yangu yote pale. Nikinyamaza, Jumatatu mzigo wa Feza unarudishwa mlangoni mchana kweupe, na unga uliokataliwa na masista nani mwingine ataununua hapa mjini? Ngao haitamsaidia kitu. Mwanamke aliyeanza na kandambili ataanza tena, na kina mama aliowaajiri kumwoshea ulezi watakwenda nyumbani. Nikisema, mimi ndiye nimekwisha. Jiko lile la shule nimekuwa naliota, nilikuwa nasema nitalirudia siku moja. Nikisema, sitalirudia. Na soko zima litajua kwamba Mama Deo, binti wa fulani, mjukuu wa fulani, anamzushia mgeni aliyemlea mwenyewe.

Mnataka niseme niliona huruma nikainuka? Hapana. Nilikaa nikitafuta njia ya tatu. Nilifikiria kumwambia Sista kwamba nilisikia vibaya. Nilifikiria kumtafuta muuza vitunguu nimbebeshe. Nilifikiria hata kujifanya mgonjwa. Kila njia ilikuwa na Feza amesimama pembeni yake na ngao yake, ananiambia nile.

Nikapiga simu. Jua lilikuwa bado halijazama, nikaona nikililalia jambo hili nitaamka na ujanja mpya.

"Sista, nilikudanganya asubuhi."

Nikaendelea kabla hajauliza.

"Sikuona kitu. Maneno yale nimeyatunga mimi. Wengine wote wameyachukua kwangu."

"Kwa hiyo unga wa Feza hauna muhogo."

"Hauna."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa tayari natafuta neno la kuagia.

"Na wako, Mama Deo? Ulikuwa na mchanga?"

Miaka yote hii sikuwahi kulitamka. Kwa Baba Deo nilisema ni mashine. Kwa Sista mwenyewe nilisema ni mashine. Kwangu mimi nilisema ni mazoea ya bibi.

"Ulikuwa nao, Sista. Hata wa leo uliopo sokoni unao."

Alivuta pumzi. Sikusikia hasira, nilisikia tu kama mtu aliyechoka. Akasema Jumatatu asubuhi, mzigo wa Feza ukishushwa, nije jikoni niyaseme hayo hayo mbele ya wapishi na mbele ya Feza mwenyewe, kwa sababu maneno ya sokoni hayafutwi kwa simu. Nikasema nitakuja. Akanibariki, akakata.

Nimeandika haya ili Jumatatu nisije nikaugua.

Msinipongeze, tafadhali. Nimeifungua tena ile picha sasa hivi, nikaikuza mpaka nikaona jina lake lilivyochongwa kwenye ngao, na bado nina wivu. Jumatatu nitakwenda nao.