Mbao za Mimbari

Jumatatu, 9 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku tunapumua. Mkweo anakuamkia, hajasema, ila nimemsemea.

Umelalamika kwamba sijakuandikia tangu tumzike binti yetu, Kasuku wetu. Hata shajara yangu ya wiki zile ina tarehe tu, haina maneno. Nyumba iliyozoea mtoto wa miaka sita anayeongea mpaka usingizini imekuwa kimya. Na karakana ya mume wangu nayo kimya, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Unakumbuka kanisa lilimpa mume wangu kazi ya mimbari mpya. Mbao zake, nyekundu na nzito, zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikikauka. Juzi Jumamosi alikuja mchungaji pamoja na yule mzee wa kanisa tunayemwita Bwana Futi, kwa vile hupima kila kitu mpaka upana wa viti vya wageni. Mimbari ilikuwa iwekwe wakfu kesho yake. Bwana Futi aliingia akitania kwamba fundi akizidi kuchelewa, mchungaji atahubiri juu ya debe. Kisha akautazama ukuta.

Akauliza mbao ziko wapi. Mume wangu akaendelea kufagia. Akauliza tena, safari hii akimwita fundi, si ndugu. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai, nami nilijua zilikokwenda.

Mume wangu akaweka ufagio chini, akasema mbao ziko ardhini, zimembeba binti yake. Bwana Futi akang'aka kwamba ile ilikuwa mali ya Mungu. Mume wangu akamjibu taratibu kwamba basi hawadaiani: Mungu kachukua wake, naye kachukua za Mungu.

Birika likanitoka. Nikamtazama mchungaji, nikijua neno lake moja lingetosha kututoa kanisani. Akaketi juu ya maranda ya mbao na suruali yake safi, akauliza kama sanduku, ambalo siku ya mazishi lilifunikwa shuka, lilikuwa zuri. Mume wangu akasema alilifunga kwa kuchomeka mbao kwa mbao, hakupigilia msumari hata mmoja, asije akamgutusha mtoto kwa nyundo. Kisha akalia, mara ya kwanza tangu msiba.

Jana mahali pa mimbari palikuwa patupu. Mchungaji alisimama kando yake, akasema tutapaweka wakfu hivyo hivyo. Mwenye neno alilomficha Mungu alilete pale. Hakuna aliyeinuka. Mume wangu alikuwa nje, dirishani, amekataa kuingia. Miguu yangu ikanipeleka pale mbele.

Mama, siku ya mazishi ulinishika mkono ukaninong'oneza nisilie, kwamba wenye imani hawalii. Nilikutii. Jana nimekuasi. Nilimuuliza Mungu kwa sauti alikuwa wapi homa ilipopanda. Nikamwambia kwamba wiki zote hizi nimekuwa nikiimba kwaya kwa mdomo tu, na moyoni namchukia. Nikangoja paa lituangukie. Badala yake nikasikia mtu akilia nyuma yangu, akiita jina la mkewe aliyemzika zamani. Alikuwa Bwana Futi. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa ameshaingia, amesimama karibu naye.

Sikupata jibu, mama. Lakini nilipokuwa nikilia nilijua kuna anayenisikiliza, ilhali tangu mazishi sala zangu zilikuwa zikigonga ukuta. Mwenye kunisikiliza vile hajanitupa. Hilo ndilo tumaini nililo nalo, dogo, ila ni langu.

Leo asubuhi nimeamshwa na sauti ya randa ya mume wangu karakanani. Sijauliza anatengeneza nini.

Njoo, mama. Ulimzika kaka yangu nikiwa msichana, na sijawahi kuona chozi lako. Usije na maneno ya kututia moyo. Njoo tulie wote.

Msalimie baba, na umwambie apande nawe basi la asubuhi.

Mwanao wa mwisho,
Mama Kasuku