Mbwa Niliyempita

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua umekutulia. Shemeji hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kukaa dirishani kwenye gari, au wamekua na sasa wanagombania vitu vya maana? Huku kwetu hatujambo sote. Mke wangu bado ni muuguzi wa kitengo cha dharura, na bado anarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeazima miguu. Mama mkwe bado anaishi nasi, na bado anasema ataondoka mwezi ujao, kama anavyosema tangu mwaka juzi. Binti yangu ametimiza miaka kumi na miwili, ananifika begani, na ameanza kunisahihisha ninavyotamka maneno.

Najua utashangaa kupata barua ndefu kutoka kwangu. Ule ujumbe niliokutumia kwa simu mwezi uliopita, kwamba tulipata moto nyumbani na kwamba tulitoka salama, sisi na mbwa wote watatu, haukuwa na uongo ndani yake. Ila ulikuwa mfupi kwa makusudi. Leo nimefunga karakana yangu ya cherehani mapema ili nikuandikie yaliyobaki.

Nianze na mbwa wenyewe, maana hujawahi kuwaona. Mkubwa ni Chui, tuliyemkuta na nyumba. Mwenye nyumba wa kwanza alihama akamwacha kama alivyoacha mapazia. Wa pili ni Pamba, mweupe kote, ambaye binti yangu alimleta nyumbani ndani ya mkoba wa shule, kichwa kimetokeza kwenye zipu. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya rangi. Baada ya wiki mbili tukagundua kwamba hasikii kabisa, hata ukigonga sufuria nyuma yake, na mama mkwe akasema jina limetangulia habari, mbwa amezaliwa na pamba masikioni. Wa tatu ni Karanga, jike dogo la rangi ya udongo. Huyu nililetewa na mteja akiwa hajazidi ukubwa wa kiatu. Analala chini ya meza yangu ya kazi, kidevu juu ya mguu wangu, na nikiijaribu cherehani niliyoitengeneza, anatikisa mkia kwa mwendo wa sindano. Huenda ni mimi tu ninayeona hivyo.

Binti yangu alikuwa akiniuliza mara kwa mara nampenda nani zaidi. Nilimjibu kila mara kwamba nawapenda sawa, kwa sauti ile ya mwanasiasa aliyeulizwa habari za barabara. Mama mkwe alikuwa akisikia, akicheka peke yake. Siku moja aliniambia kwamba mbwa hawajasoma, lakini kuhesabu vipande vya nyama wanajua, na kwamba Chui na Pamba walishajijibu swali hilo siku nyingi.

Habari ya pili inaanza kazini kwa mke wangu. Walipokea familia iliyounguliwa na nyumba mtaa wa pili. Wote walikuwa wametoka nje salama, kisha ikaonekana bibi yao hayupo, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake amemchukua. Baba wa nyumba akarudi ndani. Bibi aliokolewa, baba pia, lakini mikono ya yule baba mke wangu aliifunga bandeji kwa saa nzima. Siku hiyo alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, na kabla ya kunywa hata maji akatuita sote mezani. Alituuliza nyumba hii ikishika moto sasa hivi, nani anamchukua nani. Mimi nilisema nitachukua kila kitu, naye akaniambia kwamba huyo wa kuchukua kila kitu ndiye wanayemfunga bandeji.

Basi tukapanga. Binti yangu alichora ramani ya nyumba, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: Tahadhari kabla ya hatari. Ufunguo wa mlango wa nyuma ukapewa msumari wake. Vyeti, dawa za presha za mama mkwe na tochi vikawekwa kwenye begi moja karibu na mlango. Mahali pa kukutania pakawa lango la jirani yetu fundi wa kuchomelea, ng'ambo ya kichochoro. Ikaja zamu ya mbwa. Binti yangu hushinda shule, mama yake hushinda kazini, kwa hiyo wa kutegemewa mchana ni mimi. Tulikubaliana kwamba Chui na Karanga wanajua mluzi. Ukipigwa wanatoka wenyewe, miguu wanayo na masikio wanayo. Pamba hulala stoo, ile yenye mlango katikati ya ukumbi, kwa sababu sakafu yake ina ubaridi. Huyo lazima afuatwe. Binti yangu akaandika: Pamba, baba. Akanipa kalamu nitie sahihi, nikatia.

Tulifanya mazoezi Jumapili mbili mfululizo. Mara ya kwanza mama mkwe alitoka wa mwisho, kwa sababu alikuwa anabadilisha viatu. Alisema hata nyumba ikiungua, yeye hatasimama mbele ya fundi wa kuchomelea na kandambili. Tulicheka sana siku hiyo.

Moto wenyewe ulikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Karakanani, yaani chumba cha mbele cha nyumba, nilikuwa nimeacha mota ya cherehani moja kuukuu imechomekwa ukutani na swichi imewashwa, na kando yake matambara niliyokuwa nikifutia vyuma kwa petroli. Kosa hilo ni langu, silipunguzi. Nilikuwa upande wa pili wa meza nikitafuta bisibisi. Umeme uliporudi nilisikia mlio kama kitambaa kinachochanwa, na nilipogeuka matambara yalikuwa yanawaka na moto umeshapanda kwenye pazia. Ile mikanda ya mpira niliyoitundika ukutani iliposhika, moshi ulikuwa mweusi, mzito, unaingia kooni kama sufi.

Sasa nikueleze yale ambayo watu wote waliyajua. Nilipiga mluzi. Chui alinipita kama mshale. Nilitoka kwa mlango wa nyuma na Karanga kifuani. Mama mkwe alikuwa uani kwenye bomba, anaosha mboga. Punde Pamba naye akawa uani, anapiga chafya, salama. Fundi wa kuchomelea alizunguka mbele na mtungi wake wa kuzimia moto, akaingia karakana kupitia mlango wa barabarani, na watu wa zimamoto walipofika hapakuwa na kazi kubwa. Tulipoteza meza, pazia na cherehani mbili. Mke wangu alipofika, akiwa na sare yake ya kazi, majirani walimwambia mumewe ni mwanamume kweli kweli, ametoa mbwa watatu peke yake. Binti yangu alirudi kutoka shule, akanikumbatia kiunoni, akaniambia ahsante kwa Pamba. Nami nikapokea hiyo ahsante, dada. Niliipokea kwa mikono miwili.

Huu hapa ukweli. Moto ulipowaka, Karanga alikuwa chini ya meza. Angetoka mwenyewe kwa mluzi; alikuwa ameshasimama. Lakini niliinama nikambeba. Sikufikiri, mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nikaingia ukumbini naye kifuani, na mlango wa stoo ulikuwa wazi. Pamba alikuwa ameamka kwa harufu. Alikuwa amekaa palepale kwenye kigunia chake, ananitazama, kwa sababu yeye humtazama mtu ili ajue kuna nini. Mikono yangu ilikuwa imejaa. Ningeweza kumtua Karanga, ambaye angekimbia. Nilijua hilo wakati uleule. Usije ukadhani moshi ulinipofusha. Nilimpita.

Halafu kuna lililo baya zaidi. Nilipofika uani, fundi wa kuchomelea alipaza sauti kutoka kichochoroni akauliza kama kuna yeyote ndani. Nikamjibu, "Wote wako nje." Nililisema neno hilo nikiwa nimemkumbatia Karanga, na mama mkwe amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

Mama alinitazama mara moja. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akakichovya kwenye ndoo ya mboga, akajifunga puani, akaingia ndani. Ana miaka sabini na mmoja, na alikuwa na kandambili. Mimi nilisimama. Ningependa kukuambia kwamba nilimfuata, lakini niliamka kama mtu aliyegutushwa usingizini pale tu alipokuwa ameshatokea mlangoni, amemshika Pamba kwa ngozi ya shingo, wote wawili wanakohoa. Akakaa kwenye ukingo wa bomba. Alipopata pumzi akaniambia maneno machache, kwa sauti ya chini ili mwingine asisikie. "Nimekuona. Mimi sitasema. Utasema mwenyewe."

Wiki tatu sikusema. Mama alikula nami meza moja, akanipitishia chumvi, akaniuliza habari za kazi, na hakuna hata siku moja aliyonikumbusha. Angenisema ningepumua. Pamba naye, ambaye hana habari ya ubaya wa mtu, alikuwa akija karakana mpya niliyoipanga ukumbini, anaweka pua yake kwenye goti langu. Nikaona kwamba nikiendelea hivi nitaanza kumchukia, na yeye ndiye niliyemkosea.

Jumapili iliyofuata binti yangu alitoa ramani ili tufanye mazoezi tena. Hapo ndipo niliposema. Nilisema kila kitu, hata lile neno nililomjibu jirani. Mke wangu hakufoka. Alisema kwamba kama kazini kwao wangempokea kwanza wanayempenda, wodi nzima ingekuwa makaburi. Wanampokea kwanza asiyeweza kungoja, na sheria hiyo imeandikwa ukutani kwa sababu wanajua moyo wa mtu ulivyo. Kisha akamgeukia mama yake, akamshika mkono. Binti yangu aliinuka akaenda chumbani na Pamba, akafunga mlango. Siku mbili alinisalimia kwa adabu tu, kama mtu anayemsalimia mteja.

Siku ya tatu alikuja na ramani mpya. Alikuwa amemwandika mama mkwe kwa Karanga, na mama alilalamika kwamba hajawahi kuomba mbwa, huku akimkuna Karanga kichwani. Chui yuko kwa mluzi. Nilitafuta jina langu nikidhani limefutwa. Lilikuwa palepale pa zamani: Pamba, baba. Nilimuuliza kwa nini, baada ya yote hayo. Akanijibu kwamba sasa najua njia ya kukosea, kwa hiyo nitaitambua nikiiona tena. Akanipa kalamu.

Tangu hapo tunafanya kazi, mimi na Pamba. Nimegundua kwamba nikikanyaga sakafu mara mbili kwa kisigino, anausikia mtikisiko kwa miguu. Nikikanyaga mara mbili, anainuka na kunifuata. Ilituchukua siku kumi na moja na vipande vingi vya nyama. Jana alitoka stoo mpaka lango la jirani nyuma ya kisigino changu bila kuguswa, na fundi wa kuchomelea akazima mashine yake ili atupigie makofi. Karanga bado ndiye ninayempenda zaidi. Siku hizi nalisema hilo wazi, na nyumba haijaanguka.

Sasa nakuja kwako, dada. Ile asubuhi ya mafuriko tulipokuwa wadogo, baba alinipandisha mabegani mwake, akakuambia wewe ushike mkanda wake. Ulikuwa umenizidi mwaka mmoja na nusu tu. Maji yalikuwa yanafika kifuani mwako. Mkanda ukakuponyoka, na ungekwenda na maji kama usingekumbatia nguzo ya ua mpaka baba aliporudi. Siku ya mazishi yake uliniambia jikoni kwamba siku ile baba alichagua, na mimi nikakujibu mbele ya shangazi zetu kwamba huo ni wivu wa kitoto, hakuna mzazi anayechagua. Miaka minne sasa, tangu neno hilo, tunaandikiana kama watu wa ofisini.

Sijui baba alikuwa na nini moyoni, na sitamsemea. Lakini najua sasa jinsi mikono inavyochagua kabla mtu hajajiuliza, na najua macho ya yule aliyeachwa chini yanavyokuwa, kwa sababu niliyatazama. Ulisema kweli. Nilikukanusha kwa sababu mimi ndiye niliyebebwa, na aliyebebwa halowi. Nisamehe, dada. Ilinipasa kukwambia hivi siku ileile, nikiwa nimesimama nawe jikoni, badala ya kukuaibisha.

Likizo ya shule inaanza mwishoni mwa mwezi ujao. Njooni, wewe na shemeji na mapacha. Chumba cha mbele kimepakwa rangi upya na hakinuki moshi tena, ila mvua ikinyesha. Mke wangu anakusalimu na anasema ulete zile picha zako za utotoni ambazo mimi nasema zimepotea. Binti yangu anasalimu binamu zake na anataka kujua urefu wao. Mama mkwe anakusalimu pia. Anasema atakusubiri, kwa hiyo safari yake ya kuondoka ameiahirisha tena.

Ukiona jibu lako linataka kuwa kali, usilipunguze. Liandike lilivyo, nitalisoma lote.

Wako akupendaye,
mdogo wako, yule uliyemwita Gundi kwa kuwa hakubanduka kwako.