Viwiko vya Mjomba

Mudogo wangu Ramazani, huko Kasongo kupoe kama huku Kabambare kulivyopoa leo.

Asubuhi ukungu ulimeza barabara, nikabaki kwa Mjomba tukimenya karanga za kukaanga. Viwiko vyake havinyooki, kama vyako. Majirani wanazani anaomba dua kutwa; akipita, wanaitika "Amina!"

Nikamueleza maneno ya munganga wako: kila seli ya mwili iko na kiini, na kiini kinavaa ngozi nyembamba, kama ya karanga. Kwenu wawili protini moja ya ngozi ile inakosekana, ndiyo maana musuli inachoka, na moyo unaweza kusimama.

Mjomba akapuliza maganda mekundu, yakapotea ndani ya ukungu.

"Ramazani anaogopa kupimisha moyo? Hata mimi. Basi tutaenda wawili."

Kesho ninamuleta na pikipiki. Umungojee mulangoni. Mikono yenu imekwisha kukunjwa, tayari kwa kukumbatiana.

Yaya wako wa tumbo moja, Zaina