Ukuta usiobebeka

Ndosho, Jumanne

Na haukuanguka. Mvua yote ya leo, na upepo wake, lakini ukuta wangu wa mawe ya volkano na udongo umesimama bila ufa.

Hapa Goma tunajenga na mbao, ili vita ikikaribia tubomoe, tupakie kwenye chukudu, baiskeli zetu za mbao za kusukuma, tuondoke. Tangu tukimbie mji wetu wa Kiwanja nimebomoa mara nyingi, nikinyoosha misumari ile ile. Jirani yangu Mama Kavira alinicheka nilipoanza ukuta huu: "Mawe utakimbia nayo namna gani, mama?" Iliniuma.

Leo upepo umechukua mabati yake. Amekuja kwangu na watoto, akaegemea ukuta. "Kumbe huku kuna joto," akasema, na usingizi ukamuchukua.

Masasi ya bunduki yanasikika mbali. Naogopa, ndiyo. Lakini kesho atahitaji misumari. Nitamupa yangu yote. Sina kazi nayo tena.