Nilimwambia Alipo Badala ya Kumuuliza

Jumatano. Ukungu umekaa Lushoto tangu alfajiri, na leo sina haraka nao.

Kazi yangu ni kupokea simu za dharura na kutuma gari la wagonjwa. Siku hizi wengi wanapiga kwa intaneti, maana kuna mabonde ambako simu ya kawaida haishiki kabisa ila waifai ipo. Simu ya namna hiyo ikiingia, kompyuta inaniandikia mahali ilipotoka. Nimeizoea mno. Nakiri kwamba naiamini kuliko masikio yangu.

Jana asubuhi alipiga binti anaitwa Neema. Mama mkwe wake amebanwa na kifua, hewa haipiti. Kompyuta ikaandika Mazinde. Neema akaniamkia, nikaitikia, nikamwambia, "Uko Mazinde, gari linakuja."

"Ndiyo, mama," akajibu.

Gari likateremka mpaka Mazinde, likazunguka, halikukuta mgonjwa. Dereva aliponiambia, nikampigia Neema tena, na safari hii nikauliza.

Wako Mlola.

Mlola ni huku juu, upande mwingine kabisa. Mume wa Neema aliisajili rauta, kile kifaa chao cha waifai, walipokuwa wanaishi Mazinde. Walipohama wakaibeba pamoja na vyombo, anuani ya usajili, ambayo ndiyo kompyuta yangu inaisoma, ikabaki ya kule chini. Nikamwelekeza dereva Mlola.

Gari likapanda upya. Bibi alifika hospitali akiwa hai, na leo nimemkuta anakunywa uji. Namshukuru Mungu. Lakini alihangaika na pumzi asubuhi nzima kwa sababu yangu, na hilo siwezi kulipamba.

Nilikwenda wodini kuomba radhi. Neema akaniwahi, akaniomba radhi yeye. Alijua tangu mwanzo kuwa nimekosea. Ila mtu mzima ameshasema, tena wa ofisini, yeye ni nani ambishie? Hata mimi nimelelewa hivyohivyo.

Nilimsihi siku nyingine akipiga anibishie nikikosea, tena aache hata shikamoo, aanze na mahali alipo. Kunibishia amekubali, kwa shida. Kuacha shikamoo amekataa katakata, na mgonjwa kitandani akamuunga mkono.

Basi. Kesho nikiingia kazini nitabandika karatasi juu ya ile sehemu ya kompyuta inayoonyesha mahali, na sitaifunua kabla sijauliza. Kuuliza ilikuwa kazi yangu, haikuwahi kuwa ya Neema.