Mwende, Alhamisi Nimekuhesabu

Mwende wangu,

Mimi sikusoma. Anayeandika ni Ndinda, binti wa ndugu yako Mutua, na nimemwambia asinirekebishe. Akilia, afute machozi aendelee. Mimi nimelia maisha yangu yote bila kumwambia mtu nalia nini.

Hunijui nikiwa mzee. Uliniacha msichana, matiti yamejaa maziwa yako. Sasa meno yamebaki ya kuonyesha tu. Hapa Mbumbuni wazee tumejaa kanisani, tunagombania viti vya mbele kwa sababu ya masikio. Enzi zako, mwanamke wa umri wangu watoto walikuwa wanapelekwa kumtazama.

Lakini sikuandikii kwa habari ya meno.

Alhamisi nilimbeba mtoto wa Ndinda mpaka dispensari. Ndinda alikuwa dukani Malili wiki nzima, na Mutua alitusindikiza kwa sababu haniamini na mawe ya njiani. Ilikuwa chanjo ya surua. Surua, Mwende. Ile ile. Nesi akamdunga, mtoto akalia kama mbuzi amekanyagwa, kisha akatulia akaanza kutafuna leso yangu. Basi. Imeisha hivyo.

Mimi ndiye nilishindwa kunyamaza. Nesi akacheka, "Susu, nyanya yangu, kwani ni wewe umedungwa?"

Ningemwambia nini? Mimi nilikuwa na majani ya kuchemsha na maombi. Ulilala gizani, macho yamegandana, unaniita na sauti imeisha. Wewe uliyekuwa unamaliza uji na kugonga kibuyu chini, "Ingi! Ingi!", unataka mwingine, na mimi nakwambia umeisha kwa sababu ulikuwa umeisha kweli. Siku ile uji ulikuwepo. Koo lako ndilo lilikataa.

Nyanya yako alinizuia kupiga kilio. "Huyo hajapita surua. Hahesabiwi." Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa amezika wake hivyo hivyo, kimya. Ndivyo tulivyofanya sisi sote: mtoto haingii kwenye hesabu mpaka surua ije, imtazame, imwache. Tulidhani usipomhesabu, akienda hutapungukiwa.

Uongo mtupu! Nilipungukiwa siku ile na sijajaa mpaka leo.

Nikazaa mwingine, nikamwita Mutua, yaani abaki. Akabaki. Wakaja wengine watano, na wao sindano zikawakuta. Watu wakiniuliza nasema sita. Mutua akawa kifungua mimba wa boma hili, akapewa heshima yote ya mkubwa, na wewe uko hapo chini unasikia.

Sasa pale dispensari, kwenye benchi, mama mmoja mwenye mimba akaniuliza, tena kwa mazungumzo tu, "Susu, wewe Mungu alikupa wangapi?"

Nikasema saba.

Mutua akageuka. "Mama, sisi ni sita."

"Nyamaza. Wewe ni wa pili."

Mzee mzima, mvi kichwani, akabaki mdomo wazi kama aliyenyang'anywa chakula. Yule mama akaangalia miguu yake. Nikadhani Mutua ataniuliza kwa nini nilimficha habari yako. Aliuliza kitu kimoja tu: "Aliitwa nani?"

Mwende, jina lako sikuwa nimelitoa mdomoni tangu tukuzike. Lilitoka na kutu. Lakini lilitoka.

Mutua alimbeba mtoto njia yote. Tulipofika nyumbani nikampeleka nyuma ya jikoni, kwenye mbaazi, pale tulipokuzika. Kila msimu nimepalilia hapo mwenyewe, jembe nalishusha polepole, na watu wanafikiri ni mgongo unaniuma. Mutua akavua kofia. Akasema, "Dada." Halafu akaenda kufungua mbuzi ambao hawakuwa wamefungwa.

Nafurahi watoto wa sasa hawaendi hivyo. Nafurahi sana, na inaniuma hapa kifuani, kwa sababu wewe pia ungekuwa na mvi. Ungekuwa unanigombeza nivae sweta. Ungekuwa na kiti chako kanisani karibu na changu, na mimi nakufinya ukisinzia.

Nimemwambia Ndinda, na amekubali mbele ya baba yake: siku nikilala, wakisimama kusoma maisha yangu, wasome watoto saba, na waanze na wewe. Akisoma sita, nitaketi ndani ya jeneza nimrekebishe. Na mpaka siku hiyo, yeyote atakayeniuliza, hata wa kupita njia, ataambiwa saba na atatajiwa jina.

Lala sasa, mwanangu. Uji wa wimbi najua kuupika vizuri siku hizi, na sufuria ni kubwa. Nikifika, gonga kibuyu. Sitakwambia tena umeisha.

Ni mimi, mama yako.