Pole Yenye Tabasamu

Jumanne, 4 Machi
Shemeji amefariki alfajiri. Mume wa mdogo wangu, mtu wa utani na kila mtu. Mkuu wa zamu amenikatalia ruhusa — eti shemeji si ndugu wa karibu, ndivyo hospitali ilivyoandika. Siku hizi undugu unapimwa kwa rula. Nimebaki kwenye meza ya simu ya hospitali, napokea simu za watu na kuwaunganisha wodini. Katikati ya simu na simu nikamrekodia mdogo wangu ujumbe wa sauti. Pole mdogo wangu, Mungu akutie nguvu, tuko pamoja. Machozi yalikuwa yananitoka, Mungu ni shahidi.

Ijumaa, 7 Machi
Wamezika. Hajanijibu. Simu inaita mpaka inakata.

Jumapili, 9 Machi
Shangazi kanipigia baada ya ibada. Hakuzunguka. Kumbe ujumbe wangu ulifunguliwa mbele ya waombolezaji, spika imewashwa, wote wakanisikia. Mama wa marehemu akauliza, huyu ni dada wa damu au kampuni ya simu? Mdogo wangu alisema neno moja tu: "Anatabasamu." Akazima.

Nikabisha, nikasema nilikuwa nalia. Shangazi akanijibu: "Sawa, mwanangu, ulilia. Lakini ulilia kiofisi."

Nikausikiliza tena ule ujumbe. Maneno hayana kosa. Lakini ile sauti — laini, imenyanyuka mwishoni, meno nje. Miaka yote mkuu wa zamu anatuimbia: tabasamuni, anayepiga anasikia. Na kweli anasikia. Nikishavaa vile visikilizio vya kazini masikioni, sauti inajipanga yenyewe. Na siku ile nilikuwa nimevivaa.

Jumatano, 12 Machi
Nimerekodi upya, nikafuta. Nikiilegeza sauti, nasikika naigiza msiba. Nikapiga magoti. "Baba, nisikilize" — ikatoka sauti ile ile. Hata Mungu naongea naye kama namuunganisha wodini. Walinikodi mchana tu, sauti wakaichukua jumla.

Jumamosi, 15 Machi
Nimefika kwa mdogo wangu. Nilijiandaa kutukanwa. Heri ningetukanwa!

"Shikamoo dada. Karibu sana. Pole na safari."

Sauti shwari, haina hata kwikwi. Huyu ambaye tangu utoto hunipokea kwa kelele, "We mnene, umefika?" Chai ikaja kwenye sinia, kikombe cha wageni. Nikaanza: mdogo wangu, ule ujumbe... Akanikatiza taratibu. "Hamna shida, dada. Tulishukuru sana." Nikatafuta ufa wa kupenyea, sikuuona. Kila neno lilikuwa na heshima, na kila neno lilinitoa nje.

Sasa naandika nimekaa chumba cha watoto. Amebisha hodi — mimi wa kubishiwa hodi, na huyu niliyelala naye kitanda kimoja utotoni! Anauliza kama nahitaji taulo. Nilitaka kumwambia ingia. Ikatoka: "Hapana, asante sana." Nyororo kabisa.

Hajaondoka. Kivuli cha miguu yake kiko chini ya mlango. Mdomo nimeshaufungua, naogopa kitakachotoka.